Mtoto kajibwaga chini anapiga mayowe: ni deko, ni ukaidi, au ni nini hasa?

Kila baada ya muda inazunguka klipu ya mtoto anagaragara sakafuni dukani, mama yake kasimama pembeni hajui auweke wapi uso, na chini yake komenti zinagawanyika mafungu mawili. Fungu la kwanza, huyo ni wa kuchapwa tu, enzi zetu ukitolewa jicho moja unanyooka. Fungu la pili, msimguse, muacheni ajieleze, mkimkatalia kila kitu mtamharibu akili. Nimezisoma hizo komenti miaka mingi na mimi mwenyewe nimelea mtoto wa kujibwaga, na kinachoniuma ni kwamba mafungu yote mawili yanagombania dawa wakati hakuna aliyempima mgonjwa. Yani hakuna anayeuliza dakika tano kabla ya ile klipu kulitokea nini, na hakuna anayeuliza baada ya kamera kuzimwa yule mtoto alipata alichokuwa analilia au hakupata. Na majibu karibu yote yako hapo, kwenye kabla na kwenye baada.

Tuanze na maneno maana nusu ya ugomvi huu ni wa maneno.

Utundu ni mtoto kufungua droo, kupanda meza, kumwaga maji aone yanaelekea wapi. Hiyo si dharau, ni udadisi, na mtoto mdogo ambaye hagusi wala hachokonoi chochote ndo wa kumtazama mara mbili. Mlipuko wa hasira, hapa nitauita mlipuko tu, ni pale hisia zinapomzidi nguvu, analia, anapiga mateke, anarusha vitu, anajibwaga, wengine wanabana mpaka pumzi. Ukaidi ni kukataa agizo ambalo amelielewa na ambalo anaweza kulitimiza, hayo masharti mawili yashike maana tutayarudia. Deko ni mazoea, mtoto kazoeshwa kwamba kilio kinalipa. Na tabia sumbufu, ambayo ndo tunaizungumzia leo, ni kitu kinachojirudia na kinachomuumiza yeye au wengine au kinachokwamisha maisha ya kila siku, kula, kulala, kujifunza, kucheza na wenzake. Siku moja mbaya si tabia sumbufu. Kila mtu ana siku mbaya.

Halafu kuna maneno mawili ambayo watu wanayatumia kama vile ni kitu kimoja, nidhamu na adhabu. Neno nidhamu asili yake Kiarabu na maana yake ni mpangilio, utaratibu. Adhabu ni kitu unachomfanyia mtoto baada ya kosa ili kimuume au kimkoseshe raha. Nidhamu ni kitu anachobaki nacho mtoto wakati wewe haupo chumbani. Unaweza kuwa na adhabu kila siku nyumbani kwako na nidhamu usiione, na kama kila siku unaadhibu kosa lile lile basi jua hiyo adhabu haifundishi chochote, ingekuwa inafundisha ungeshaacha kuitoa.

Umri kwanza

Mtoto anayejifunza kutembea akianguka unamwinua unamwambia pole, hakuna anayesema ana kiburi cha kuanguka. Lakini mtoto anayejifunza kujizuia akianguka, na ataanguka mara nyingi sana, huyo tunamwita jeuri. Kujizuia ni kazi ya sehemu ya mbele ya ubongo, hapa nyuma ya paji la uso, ndo inayosema subiri, ndo inayosema usimpige, ndo inayokumbuka ulichokatazwa jana. Sehemu hiyo inaendelea kukomaa mpaka mtu anafika miaka ya ishirini na kitu huko. Sasa fikiria wa miaka 2. Hisia anazo zote, kutamani anatamani kama wewe, kuchukia anachukia kama wewe, ila maneno ya kusema anayo kama mia mbili tu na cha kumzuia bado kinajengwa.

Na hili si jambo la kizazi hiki cha simu kama watu wanavyosema. Mwaka 1931 mwanasaikolojia mmoja Marekani, Florence Goodenough, alitoa utafiti ambao kina mama waliandika kila siku watoto wao walikasirika lini, kwa nini na ilichukua muda gani, na akaona milipuko inafika kileleni mwaka wa pili wa maisha kisha inashuka. 1931, hata televisheni hazijaenea majumbani. Mtafiti mwingine wa Kanada, Richard Tremblay, amefuatilia watoto kwa miaka mingi na alichoonyesha kinawashangaza wengi: kupiga, kung'ata na kusukuma kunakuwa kwingi zaidi kati ya miaka 2 na 4, halafu kunapungua kadiri wanavyokua. Maana yake mtoto hahitaji kufundishwa kupiga na mtu yeyote, anakuja nako, kinachofundishwa ni kutokupiga. Kwa hiyo swali la "kajifunza wapi huyu?" kwa mtoto wa miaka 2 na nusu mara nyingi halina jibu. Swali ni je, anajifunza kuacha?

Kuna utafiti mwingine naupenda sana wa mwaka 2003, Michael Potegal na Richard Davidson, walichambua milipuko ya watoto wa kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka 5. Robo tatu ya milipuko iliisha ndani ya dakika 5. Dakika 5! Ukiwa ndani yake unaona kama saa nzima, lakini saa haidanganyi. Na wakaona ndani ya mlipuko mmoja kuna hisia mbili zinakwenda sambamba, kuna hasira ambayo inapanda haraka mwanzoni halafu inashuka, hapo ndo mayowe na mateke na kurusha vitu, na kuna huzuni ambayo ipo muda wote, kilio, kunung'unika, kutafuta wa kumshika. Hasira ikishashuka kinachobaki ni huzuni, ndo maana mtoto aliyekuwa anakupiga teke dakika tatu zilizopita sasa anakuja kujificha kifuani kwako. Watu wanadhani anaigiza. Haigizi, yuko nusu ya pili ya kitu kile kile.

Faida ya kujua hivyo ni kwamba unajua lini unyamaze. Wakati hasira iko juu maneno hayaingii, ukimuuliza "unataka nini? sema unataka nini!" unamwongezea mzigo mtu ambaye kashazidiwa. Kaa karibu, ondoa vitu vya hatari, sema kidogo au usiseme. Huzuni ikibaki peke yake hapo sasa mshike.

Kinachofundisha ni kile kinachofuata

Hapa nataka nikae kidogo maana ndo kiini cha habari yote.

Tangu miaka ya 1930 B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani, alionyesha kitu ambacho ukishakielewa unaanza kukiona kila mahali, kwamba tendo likifuatiwa na faida linarudiwa, na kinachohesabika ni faida inayokuja papo hapo, siyo hotuba inayokuja jioni. Na akaonyesha kitu cha pili kigumu zaidi, kwamba faida inayokuja mara moja moja bila mpangilio inaleta mazoea magumu kuvunjika kuliko ile inayokuja kila mara. Mvuvi anaelewa hili. Akitupa ndoano mara kumi akapata samaki mara moja, kesho alfajiri yuko pale pale. Sasa wewe mzazi unayesema "mimi simwendekezi, namkatalia mara tisa, ya kumi nikichoka ndo nampa", ndugu yangu umemfanya mvuvi. Amejifunza kwamba hapana yako ina mwisho, kinachotakiwa ni yeye kuwa na pumzi kukuzidi.

Mwanasaikolojia Gerald Patterson kule Oregon Marekani alifanya kitu rahisi ila kinahitaji uvumilivu, yeye na wenzake waliingia majumbani kwa watu wakakaa wakatazama familia zinavyoishi, tendo baada ya tendo, na mwaka 1982 akatoa kitabu kuhusu walichokiona. Waliona mtego. Mama anasema zima hiyo katuni. Mtoto anapiga kelele. Mama anarudia kwa ukali. Mtoto anazidisha. Mama anachoka, anasema haya malizia hiyo moja. Kimya. Na hapo kwenye kimya ndo pana mtego wenyewe, maana wote wawili wamelipwa, mtoto kalipwa katuni na mama kalipwa ukimya. Kesho mtoto atapiga kelele mapema zaidi, na mama ataachia mapema zaidi, na hakuna aliyepanga iwe hivyo.

Sasa mtego huo unafanya kazi na upande wa pili, na huu ndo watu hawauoni. Baba anasema vaa viatu mara ya kwanza kwa upole, hamna. Mara ya pili, hamna. Mara ya tano anafoka mpaka vyombo vinatikisika, mtoto anavaa mbio. Baba kajifunza nini? Kwamba bila kufoka hasikilizwi. Mtoto kajifunza nini? Kwamba maneno yote kabla ya kufoka ni hewa, yanaweza kupuuzwa salama. Kila mmoja kamfundisha mwenzake kupiga kelele. Halafu baba anakuambia "huyu mtoto haelewi mpaka umkoromee" na ni kweli haelewi, wamefundishana hivyo wenyewe.

Mwanangu alipokuwa na miaka 4 vita yetu ilikuwa simu, jioni. Nikiichukua anajibwaga, anagonga kichwa kwenye godoro, nilishaamini kabisa kwamba ni simu imemharibu. Nikachukua daftari la kawaida la mistari nikalichora safu tatu, kabla, alichofanya, baada, na nikaandika siku tisa bila kubadilisha kitu chochote, naandika tu. Safu ya kwanza ilinifungua macho: karibu siku zote mbaya ni siku ambazo hakulala mchana, na karibu mara zote nilikuwa nimemnyang'anya simu ghafla katikati ya kitu huku mimi naongea na mtu mwingine, sijamtazama hata usoni. Siku alizolala, na siku moja niliyomwambia ikiisha hii tunazima, alinipa simu mwenyewe. Safu ya tatu ilinitia aibu. Mara nne kati ya tisa nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe, "nikamrudishia". Mara nne. Na mdomoni ningekuapia kwamba mimi ni mzazi mwenye msimamo.

Ndo maana nikiulizwa mtu aanzie wapi siku hizi sisemi chochote kuhusu adhabu wala zawadi, nasema tafuta daftari.

Ukiandika siku kadhaa utaanza kuona tabia inamfanyia kazi gani. Kwa jumla kazi zenyewe hazizidi nne. Kuna kupata kitu, simu, mwanasesere, nafasi. Kuna kupata macho ya watu, na macho ya hasira nayo ni macho, mtoto ambaye akitulia hakuna anayemwangalia na akivunja kitu nyumba nzima inamgeukia atavunja. Kuna kukwepa kitu, kuoga, somo gumu, chumba chenye kelele. Na kuna mwili wenyewe kutafuta raha au kujituliza, kujizungusha, kung'ata shati, kugonga gonga vitu.

Hii si nadharia tu maana tabia ile ile moja dawa yake inabadilika kabisa kutegemea kazi yake. Chukua mtoto anayefanya fujo darasani wakati wa kusoma kwa sauti. Mwalimu anamtoa nje. Kama yule mtoto alikuwa anatafuta kuchekwa na wenzake, kutolewa nje kunamkata. Lakini kama ni mtoto ambaye herufi zinamchanganya na anaogopa zamu yake ikifika ataaibika, umempa kile kile alichokuwa anakitafuta, na kesho zamu ikikaribia ataanza fujo mapema. Mwalimu atasema nimemwadhibu mara ishirini hasikii. Anasikia sana, amesikia kwamba fujo ni mlango wa kutokea. Huyo dawa yake ni kufundishwa kusoma, pole pole, mahali ambapo hachekwi.

Kabla hujamwita mkaidi, kagua mwili

Rudi kwenye yale masharti mawili, amelielewa agizo na analiweza. Mtoto wa dada yangu darasa la kwanza aliletewa malalamiko muhula mzima, hasikii, ana dharau, ukimwita anakutazama tu. Nyumbani pia tulikuwa tunasema ni mzito. Kuja kupimwa masikio, kulikuwa na majimaji yamekaa nyuma ya ngoma ya sikio, pande zote mbili, hali ambayo watoto wengi wanaipata baada ya mafua au maambukizi ya sikio. Alikuwa anatusikia kama mtu aliyeko chini ya maji. Muhula mzima kaadhibiwa kwa kutokusikia, na neno kutokusikia lilikuwa kweli kabisa, ila sisi tulilielewa vibaya. Sikuwahi kusahau.

Usingizi nao tunaudharau. Mtu mzima akikosa usingizi anasinzia, mtoto akikosa usingizi mara nyingi anachangamka kupita kiasi, anaruka ruka, analia kwa kitu kidogo, na wewe unasema huyu hana usingizi kabisa leo. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilitoa mwongozo, wa mwaka 1 hadi 2 saa 11 hadi 14 kwa siku pamoja na usingizi wa mchana, wa miaka 3 na 4 saa 10 hadi 13. Watoto wa shule, miaka 6 hadi 12, wataalamu wa usingizi wanashauri saa 9 hadi 12. Hesabu za kwako kwa uaminifu wiki moja halafu ndo tuongee habari za tabia. Ongeza njaa, kufunga choo, jino linalouma, muwasho wa ngozi, macho yasiyoona ubao. Mtoto mdogo hasemi "nina maumivu hafifu yanayonikera tangu asubuhi", anampiga mdogo wake.

Mambo ambayo watu wameyashika na siyo

Sukari. Karibu kila mzazi atakuambia mtoto akila vitu vitamu anapanda wazimu. Imepimwa, tena vizuri. Mwaka 1995 ulitoka uchambuzi uliokusanya majaribio 23 ambayo mtoto, mzazi na mpimaji hawakujua nani kapewa sukari na nani kapewa utamu bandia, na tofauti ya tabia haikuonekana. Mwaka mmoja kabla, watafiti waliwachukua kina mama 35 na watoto wao wa kiume wa miaka 5 hadi 7, watoto wote wakapewa utamu bandia, ila nusu ya kina mama wakaambiwa mwanao kapewa sukari nyingi. Hao walioambiwa sukari wakawaona watoto wao wamezidi utukutu, na walipotazamwa wakicheza nao walikuwa wanawabana zaidi, karibu nao muda wote na wanaelekea kuwakosoa zaidi. Sukari punguza kwa ajili ya meno na afya, hilo halina ubishi. Ila jiulize kama kuna jina lingine umeshampa mtoto, mtukutu, mkorofi, na sasa hivi kila anachofanya unakiona kupitia jina hilo.

Fimbo. Hapa naomba tusikilizane bila kutukanana. Fimbo inasimamisha tendo papo hapo, ni kweli, na ndo sababu inanasa, maana mzazi naye analipwa ukimya kama yule mama wa katuni. Swali ni baada ya hapo. Mwaka 2016 Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor walijumlisha tafiti 75 zenye watoto zaidi ya 160,000, wakitazama kuchapwa makofi ya kawaida tu, siyo ukatili, na kadiri mtoto alivyochapwa zaidi ndivyo alivyoonekana kuwa mgomvi zaidi na mwenye matatizo ya kihisia zaidi, na uhusiano wake na mzazi ukawa mbaya zaidi. Faida ya kudumu hawakuikuta. Mtu atasema pengine ni watoto wakorofi ndo wanachapwa zaidi, swali zuri, lakini tafiti zilizofuatilia watoto kwa miaka huku zikizingatia tabia yao ya mwanzo bado zinaonyesha kuchapwa kunaisukuma tabia kuwa mbaya zaidi, siyo nzuri. Na lile la "sisi tulichapwa na tuko sawa", mimi pia nilichapwa. Nilichojifunza vizuri zaidi ni kusikiliza hatua za miguu nisikamatwe.

Watu wanaitetea fimbo kwa methali ya mchelea mwana kulia hulia yeye. Isome tena. Haisemi mpige, inasema usiogope kilio chake. Ni methali ya kusimama kwenye hapana yako mtoto akiwa analia, na hapo inakubaliana na Skinner na Patterson moja kwa moja. Hata samaki tunaambiwa tumkunje angali mbichi, kumkunja siyo kumvunja.

Upande wa pili nao una imani yake, kwamba kumkatalia mtoto ni kumuumiza. Hapana. Tangu miaka ya 1960 mwanasaikolojia Diana Baumrind alipochunguza aina za malezi, matokeo mazuri aliyakuta kwa wazazi wenye vitu viwili pamoja, upendo wa karibu na mipaka inayoeleweka. Mipaka bila upendo ilishindwa, upendo bila mipaka nao ulishindwa. Mtoto anaweza kulia na bado akawa salama kabisa.

Na la mwisho ndo linaloniumiza zaidi, kwamba mtoto mwenye usonji (autism) au ile hali ya kushindwa kutulia inayoitwa kwa herufi zake ADHD ni matokeo ya malezi mabaya. Miaka ya 1950 na 1960 hata wataalamu wakubwa walikuwa wanawalaumu mama za watoto wenye usonji, eti ubaridi wa mama ndo chanzo, mpaka mwaka 1964 Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye naye alikuwa na mtoto mwenye usonji, akaandika kwa hoja kwamba ni suala la ubongo. Leo hilo limeshathibitika, na ADHD nayo inarithiwa kwa kiasi kikubwa. Malezi mazuri yanamsaidia mtoto huyo sana ila malezi hayakumpa hiyo hali. Ukimwona mama yuko na mtoto wa namna hiyo hadharani, mpishe njia na uondoe macho, huo ni msaada tosha.

Sasa unafanyaje

Anza na kabla, maana ndo pana kazi rahisi. Mpe taarifa mabadiliko yakija, na taarifa iwe ya kitu anachokiona siyo dakika, mtoto wa miaka 3 dakika kumi hazijui, anajua "ukibembea mara mbili tena tunaondoka". Agizo liwe moja, fupi, na la kufanya siyo la kuacha. "Acha fujo" haliambii mwili wake ufanye nini, "kaa hapa ushike mkono wangu" linaambia. Msogelee, shuka mpaka usawa wa macho yake, sema mara moja, halafu hesabu kimoyomoyo mpaka kumi kabla hujarudia. Hizo sekunde kumi ni ngumu kwa mzazi kuliko kwa mtoto. Usiulize kama siyo swali, ukisema "twende tukaoge eeh?" na yeye akajibu hapana, amekujibu vizuri tu. Ukitaka kumpa uhuru mpe wa kweli, "unaoga na ndoo nyekundu au ya bluu", kuoga ni lazima ila rangi ni yake.

Halafu kitu ambacho sisi wazazi ni wagumu nacho, kumwona akifanya sawa. Mtoto akitulia tunashukuru Mungu tunakimbilia kazi zetu, tunarudi akiharibu. Geuza. Na kumsifu siyo kusema "mtoto mzuri" kila saa, taja tendo: "umemngoja mdogo wako amalize, nimeona". Tenga na dakika kumi kwa siku za kucheza naye anachotaka yeye, bila simu, bila kumfundisha, bila kumkosoa, na hata siku aliyokosea usimnyime. Kwa mtoto anayetafuta macho ya watu hizi dakika kumi zinafanya kazi kuliko adhabu yoyote niliyowahi kujaribu.

Kwa vitu vya kukera tu, kulia lia, kununa, kuiga sauti yako, puuza tendo siyo mtoto, na sekunde anapoongea kawaida mgeukie mara moja. Kupiga, kung'ata, kukimbilia barabarani hivyo havipuuzwi, unamzuia kwa mkono, unasema "sikuruhusu upige", unamtoa kwenye mchezo dakika chache akae mahali tulivu panapoonekana, siyo gizani, siyo kufungiwa mlango, kisha anarudi na mambo yameisha. Asiongezewe hotuba. Akishatulia kabisa, hata kesho yake, ndo mnaongea, na mnafanya mazoezi kama mchezo: ukitaka gari lake unasema nini? Haya niambie mimi. Mtoto anahitaji neno la kushika mahali pa ngumi, bila hilo neno ngumi itarudi.

Jiandae na hili: ukianza kusimama kwenye hapana yako, siku za mwanzo hali itakuwa mbaya zaidi. Ni kama rimoti iliyoisha betri, ukibonyeza haiwaki huachi hapo hapo, unabonyeza kwa nguvu, unaigonga gonga kwanza. Mtoto naye ataigonga hapana yako, kilio kitapanda, na wengi wanaachia hapo hapo wakisema hii mbinu imeshindwa. Ilikuwa inakaribia kufanya kazi. Na ukiachia pale juu kabisa umemfundisha kwamba bei mpya ni ile. Kwa hiyo usiseme hapana usiyoweza kuisimamia, kama umechoka na unajua utakubali basi kubali mwanzoni, kabla ya kilio. Na wakubwa wote nyumbani wajue, maana mama akisema hapana na bibi akisema mpe tu masikini, tumerudi kwa mvuvi.

Utafoka tu, kuna siku utafoka. Ukitulia mwambie, "nimekufokea, samahani, nilikasirika, kesho nitasema taratibu". Haikupunguzii heshima, anaona mtu mzima anaangukaje na anainukaje.

Kuna wakati mambo haya ya nyumbani hayatoshi. Mtoto aliyekuwa na maneno halafu yanapotea, umri wowote, usisubiri. Mtoto wa mwaka mmoja asiyegeuka akiitwa jina. Milipuko mingi kila siku, mirefu ya nusu saa, na ameshapita miaka 5. Kujiumiza, kuumiza wanyama, kusema anataka kufa hata kama unadhani anatania. Na zaidi ya yote mabadiliko ya ghafla, mtoto aliyekuwa mchangamfu kawa mkali au mkimya, kaanza tena kukojoa kitandani, hataki kwenda kwa mtu fulani au mahali fulani, hapo usitafute fimbo wala zawadi, tafuta kujua nani anamfanyia nini, na mwamini akianza kusema.

Ukienda kwa daktari au mtaalamu wa watoto beba lile daftari. "Ni mkorofi tu jamani tumeshindwa" hakumsaidii kitu. Kurasa mbili zilizoandikwa saa ngapi, kabla yake nini, alifanya nini, ilichukua dakika ngapi, baada yake sisi tulifanya nini, na alilala saa ngapi jana yake, hizo atazisoma mpaka mwisho.